Mashine ya kadi Ngomeni: uliza kwanza pesa itaingia lini

Tuseme una kibanda chako cha samaki Ngomeni. Meza nne, makuti juu, kaa wa mikokoni, kamba wa kuchoma na upepo wa bure. Jumamosi inaingia familia ya Waitaliano kutoka Malindi, wanakula mpaka wanalegea, bili inafika 14,000. Baba anatoa kadi. Wewe una till ya M-Pesa tu. Sasa umwache aende Malindi kutafuta ATM, kilomita kama 30 hivi, ukiomba Mungu arudi?

Hapo ndipo kiu ya mashine ya kadi huanza. Na ajenti akija na shati lake lililopigwa pasi, utasaini kabla hajamaliza soda.

Tulia kwanza. Swali ambalo karibu kila mtu huuliza ni "mnakata asilimia ngapi?" Si swali baya, ila kwa biashara ndogo ya ufuoni si la kwanza. La kwanza ni hili: pesa ya Jumamosi itanifikia lini?

Malipo ya kadi hayaingii kama M-Pesa. Mgeni akiweka PIN, ujumbe unapita kwa mtandao wa Visa au Mastercard hadi benki yake kule Italia, benki inasema sawa, mashine inatoa risiti. Wewe bado hujalipwa. Kampuni iliyokupa mashine ndiyo itakulipa baadaye, na hiyo "baadaye" inaweza kuwa kesho yake, siku mbili au zaidi, na mara nyingi zinahesabiwa siku za kazi peke yake. Umeuza 40,000 Jumamosi, risiti unazo, roho imetulia. Jumapili asubuhi mashua zinarudi na mvuvi anataka chake pale pale mchangani. Utampa risiti? Ana watoto wa kulisha na petroli ya kununua. Kama pesa yako inaingia Jumanne, basi lazima uwe na akiba ya kununulia samaki wa Jumapili na Jumatatu. Akiba hiyo ni gharama, na kwenye karatasi ya ajenti haipo.

Ndiyo maana mimi ningemchukua anayekata asilimia 3.5 na kulipa kesho yake, nimwache wa asilimia 2.5 anayelipa siku ya tatu. Mwenye hoteli ya vyumba 60 atanicheka. Sawa, yeye ana overdrafti, wewe una mvuvi mlangoni.

Swali la pili ni kodi ya mashine. Mimi chuo nilikiacha njiani, kwa hivyo hesabu zangu ni za kalamu na karatasi, lakini fuata. Tuseme unakatwa asilimia 3 na mashine ni 1,500 kwa mwezi. Mwezi wa wageni unauza 150,000 kwa kadi: makato 4,500, ongeza 1,500, jumla 6,000. Hiyo ni asilimia 4, inavumilika. Halafu kusi inavuma, mvua za Aprili na Mei zinashuka, bahari inachafuka, wageni wamerudi kwao. Unauza 20,000 kwa kadi mwezi mzima: makato 600, mashine ile ile 1,500, jumla 2,100. Asilimia 3 uliyoambiwa imekuwa 10 na nusu! Biashara yetu ina kaskazi na kusi, mkataba wa mashine hauna. Kwa hivyo uliza kama unaweza kuirudisha miezi ya kusi bila faini, na kama kuna kiwango cha mauzo usipokifikisha unatozwa.

Nasikia mazungumzo yanavyokwenda. "Mama, hii mashine ni bure kabisa." "Bure ya kuipata au bure ya kukaa nayo, mwanangu?" Mama wa hivyo hahitaji makala yangu.

Sasa unaenda kwa nani? Kuna benki zenyewe, kama KCB, Equity na Co-op, ambazo hutoa mashine kwa wafanyabiashara. Faida yake ni kwamba kama akaunti yako iko pale pale, pesa haina safari ndefu. Kuna kampuni za malipo kama Pesapal, iliyoanzia Nairobi 2009, ambazo hukupa kadi na pesa za simu chini ya paa moja. Video za YouTube zitakusifia Square mpaka uitamani; Square haifanyi kazi Kenya, funga hiyo video. Yeyote utakayemchagua, hakikisha yumo kwenye orodha ya Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo hutoa leseni za watoa huduma za malipo chini ya sheria ya 2011. Orodha iko kwenye tovuti yao, dakika mbili tu.

Na pengine mashine huihitaji kabisa. Kama wageni wako wa kadi ni wawili watatu kwa wiki, na wengi hupiga simu kwanza kuagiza kaa au kukodi mashua, linki ya malipo inatosha. Unaituma kwa WhatsApp, analipa kwa kadi kabla hajatoka Malindi, na mara nyingi hulipi kodi yoyote, unakatwa kwa kila malipo tu. Mzungu anayekaa Malindi miezi sita kila mwaka, huyo mwambie tu asajili laini ya Safaricom kwa pasipoti yake alipe till kama sisi. Wengi washafanya hivyo zamani.

Till yenyewe usiitupe. Wateja wako wa kila siku, walimu, watu wa bodaboda, wafanyakazi wa mashamba ya chumvi kule Gongoni, hawana haja na kadi. Kadi ni ya mgeni, till ndiyo ugali.

Kuna jambo jingine ambalo ajenti hulipitia haraka kama anayevuka barabara. Mgeni akifika kwao Milano anaweza kuiambia benki yake kwamba malipo yale hayatambui. Benki inaivuta pesa kwanza, halafu wewe ndiye unayetakiwa kujitetea, tena ndani ya siku chache. Ukiwa na risiti ya mashine, kadi ilichomekwa na PIN ikawekwa, una nguvu. Ukilipwa kwa linki, au ukisomewa namba ya kadi kwa simu, una nguvu kidogo sana. Weka risiti zote, andika nini kiliuzwa na siku gani, na namba ya kadi ya mtu usiiandike kwenye daftari hata akikubembeleza. Uliza pia: mgogoro ukitokea nampigia nani, na kuna ada ya huo mgogoro? Akijibu "hiyo haitokei", mpe soda ya pili umuage.

Halafu mtandao. Mashine nyingi hutumia laini ya simu ndani yake. Ngomeni hii hii, kwenye majukwaa ya Waitaliano ya San Marco pale baharini, ndipo ilirushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Lakini jaribu kutuma picha ukiwa chini ya makuti saa moja jioni uone. Kwa hivyo usikubali maonyesho ya ofisini Malindi. Mwambie ajenti aje mpaka kwenye meza yako ya mwisho, ile iliyo karibu na maji, alipe soda yake kwa kadi yake mwenyewe, jioni, siku ya Jumamosi. Kisha kaa uhesabu siku mpaka pesa ya ile soda iingie kwako, ndipo mzungumze habari za kusaini.