Shilingi 5 kwa Siku: Vile Simu Yako Inaweza Kumweka Mtoto Darasani

Tangu Januari 2003, shule za msingi za umma hapa Kenya hazitozi karo. Basi mbona ukipita Mathare, Mukuru ama Kibera saa nne asubuhi siku ya shule, bado unakutana na watoto nje?

Mara nyingi ni vitu vidogo. Pesa ya mtihani haijalipwa. Kiatu kimeraruka. Msichana hana sodo. Ama nyumbani hakuna chakula, na mtoto ameona heri aokote chupa na vyuma kuukuu auze. Akikosa siku mbili, anarudi akiwa ameachwa nyuma. Akikosa wiki mbili, anaona aibu kurudi. Wengine huacha shule hivyo hivyo, bila mtu yeyote kuamua waache.

Pesa inaingia kidogo kidogo

Mama anayefua nguo, kijana wa mjengo na mtu wa bodaboda hawangoji mwisho wa mwezi. Leo ni mia mbili, kesho mia nne, keshokutwa hakuna kitu. Lakini shule huitisha pesa kwa mkupuo, na siku hiyo mfukoni huenda kuna nauli tu. Kwa hivyo, mpango unaosaidia familia kama hizi ni ule unaokubali kulipwa kidogo kidogo.

Mfano: Dishi na County

Mwaka wa 2023, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilizindua mpango wa chakula cha mchana shuleni pamoja na shirika la Food4Education. Shirika hilo lilianzishwa na Wawira Njiru mwaka wa 2012, likianza na watoto 25 kule Ruiru. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Gharama inayobaki hubebwa na kaunti pamoja na washirika.

Malipo yanaenda hivi:

1. Mtoto anapewa bangili yenye chipu, inayoitwa Tap2Eat.
2. Mzazi anaweka pesa kwa simu, kwenye akaunti iliyounganishwa na bangili hiyo.
3. Saa ya chakula, mtoto anagusisha bangili kwenye kifaa, shilingi 5 zinakatwa, anapewa sahani yake.

Mtoto habebi sarafu za kupotea njiani ama kuishia kwa peremende. Na hesabu ni rahisi: shilingi 25 kwa wiki, au shilingi 325 kwa wiki 13. Mzazi akipata kibarua Jumatatu, anaweza kulipia wiki nzima kabla pesa haijaisha. Mtoto akijua kuna chakula shuleni, ana sababu ya kwenda hata asubuhi ile ambayo nyumbani hakuna chai.

Shule yenu haina mpango kama huu?

Bado unaweza kutumia wazo hilo.

*Piga hesabu mapema.* Uliza shule mahitaji yote ya muhula. Tuseme ni shilingi 1,300. Ukigawanya kwa wiki 13, ni shilingi 100 kwa wiki, yaani 20 kwa kila siku ya shule.

*Tenga pesa hiyo.* Iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, mbali na pesa ya matumizi. Siku ya kipato kizuri, weka ya siku mbili au tatu.

*Lipa shule moja kwa moja.* Tumia namba ya paybill ya shule, na kwa namba ya akaunti andika vile shule imekuelekeza. Soma jina la anayelipwa kabla hujakamilisha malipo. Usitume kwa laini ya mtu binafsi.

*Hifadhi ujumbe wa malipo.* Ndio ushahidi wako ikisemekana hujalipa.

*Jihadhari na matapeli.* Ukipigiwa simu kwamba mtoto ameanguka shuleni na pesa ya hospitali inahitajika sasa hivi, kata. Pigia mwalimu kwa namba uliyo nayo tayari.

Na pesa ikikosekana kabisa?

Usimfiche mtoto nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto wa shule ya umma asikatazwe kuhudhuria masomo kwa sababu ya kushindwa kulipa ada nyingine zinazotozwa na shule. Nenda umwone mwalimu mkuu, mwambie hali ilivyo, na mkubaliane utalipa kiasi gani na lini. Mwalimu anayejua shida yako ni rahisi kukusaidia kuliko yule anayeona tu dawati halina mtu.

Wewe ni shangazi, mjomba ama jirani mwenye nafasi? Shilingi 25 zako wiki hii ni chakula cha mchana cha mtoto mmoja kwa siku 5. Ongea na mzazi wake leo.