Wayahudi Milioni Sita: Ilianzaje?

Sisi tunaovaa sare nyeupe tumezoea kuaminiwa. Mama hutukabidhi mtoto wake mwenye homa. Mzee hukunja mkono wa shati apigwe sindano bila kuuliza iliyomo. Kwa sababu hiyo, tunaposoma habari za mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, kuna jambo moja linalotuchoma kuliko mengine. Vyumba vya gesi havikuanzia katika kambi za askari. Vilianzia mahali palipoitwa hospitali, na wauguzi walikuwamo.

Mpendwa msomaji, hebu tufuatane hatua kwa hatua, tuone nchi yenye shule nzuri na makanisa yaliyojaa ilivyofika huko.

Dhiki na lawama

Ujerumani ilishindwa katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1918, ikatakiwa kulipa fidia kubwa. Mwaka 1923 fedha yake iliporomoka hata watu wakabeba noti kwa vikapu kwenda kununua mkate. Kisha ikaja dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, na kufikia 1932 watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi.

Baba anayerudi nyumbani mikono mitupu hutafuta wa kumlaumu. Adolf Hitler alimpa jibu: Wayahudi. Hao walikuwa kama nusu milioni tu, hawafiki hata mmoja katika kila watu 100, na wengi wao walikuwa wameipigania Ujerumani vitani. Lakini uongo huo ulipata mahali pa kuota. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya walikuwa wamefundishwa, hata mimbarini, kuwaita Wayahudi wauaji wa Kristo. Hitler alikuta shamba limekwisha kulimwa.

Chama chake cha Wanazi kilipata chini ya asilimia 3 ya kura mwaka 1928. Julai 1932 kilipata asilimia 37. Tarehe 30 Januari 1933 Rais alimteua Hitler kuwa Kansela, tena kwa kufuata sheria.

Miezi sita ilitosha

Tarehe 27 Februari 1933 jengo la Bunge liliungua. Kesho yake uhuru wa magazeti na wa mikutano ukafutwa, na watu wakaanza kukamatwa bila kufikishwa mahakamani. Tarehe 23 Machi Bunge lenyewe likampa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Julai vyama vingine vyote vikapigwa marufuku. Hapakubaki chombo cha kumzuia.

Ndipo sheria zikaanza kuwashukia Wayahudi. Aprili 1933 maduka yao yalisusiwa, na wafanyakazi wao serikalini wakafukuzwa. Mwaka 1935 walinyang'anywa uraia na kukatazwa kuoana na Wajerumani wengine. Usiku wa kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi zaidi ya 1,000 yaliharibiwa, na wanaume wapatao 30,000 wakapelekwa kambini. Waliotaka kukimbia walikuta milango ya nchi nyingi imefungwa. Hata hivyo wengi walifaulu kuondoka, na baadhi yao walifika hata Kenya.

Mama wa Kijerumani aliyeishi jirani aliona nini? Aliona daktari wa wanawe ameondolewa, duka la kona limevunjwa vioo, na mtoto aliyecheza na mwanawe haonekani tena shuleni. Kila hatua ilikuwa ndogo kiasi cha kumfanya aendelee na mapishi yake.

Sindano kabla ya kambi

Sasa turudi wodini. Tarehe 14 Julai 1933 ilitungwa sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu walioitwa wenye magonjwa ya kurithi. Watu wapatao 400,000 walifungwa. Mabango yalibandikwa yakisema mgonjwa mmoja hugharimu taifa marki 60,000 maishani mwake, na shuleni watoto walipewa hesabu za namna hiyo. Watu wakazoea kumpima binadamu kwa gharama yake.

Agosti 1939 wakunga na madaktari waliagizwa kutoa taarifa za watoto wachanga wenye ulemavu. Watoto wengi waliuawa. Kwa watu wazima vilitengwa vituo 6 vyenye vyumba vya gesi. Wauguzi waliwasindikiza wagonjwa kwenye mabasi na kuwavua nguo. Familia zililetewa barua yenye sababu ya uongo ya kifo. Hadi Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa hivyo.

Wakati huo huo, majeshi ya Hitler yalipoivamia Urusi mwezi Juni 1941, Wayahudi walianza kupigwa risasi kijiji kwa kijiji. Huko Babi Yar, Kiev, waliuawa zaidi ya 33,000 kwa siku mbili. Tarehe 20 Januari 1942 wakuu 15 walikutana Wannsee, Berlin, wakapanga namna ya kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya nzima. Na waliopelekwa kuendesha kambi za Belzec, Sobibor na Treblinka walikuwa watu wale wale waliojifunza kazi katika vile vituo vya wagonjwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa, kati yao watoto wapatao milioni 1.5.

Waliofungua kinywa

Je, kusema kungesaidia? Tarehe 3 Agosti 1941 Askofu von Galen wa Münster alilaani mauaji ya wagonjwa akiwa mimbarini. Wiki hiyo ya tatu Hitler aliagiza vituo vya gesi visimame, ingawa wagonjwa waliendelea kuuawa kwa siri, kwa dawa na kwa njaa. Lakini kwa ajili ya Wayahudi, makanisa kwa jumla yalinyamaza. Katharina Staritz, mhudumu wa kanisa mjini Breslau, aliandika waraka akiomba Wakristo wenye asili ya Kiyahudi wapokewe kanisani. Alifungwa katika kambi ya Ravensbrück.

Mwaka 1965 wauguzi 14 walishtakiwa mjini München kwa kusaidia kuua wagonjwa. Walijitetea kwamba walitii amri. Wote waliachiwa.

Nasi tuna la kukiri. Siku moja ndugu wa mgonjwa alisema mbele yetu kuhusu mtoto mlemavu, "Huyu ni mzigo tu." Tuliendelea kukunja shuka. Hatukusema neno, kwa kuwa tulikuwa na kazi nyingi. Mtoto yule alikuwa akitutazama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Ujerumani ulianza kwa maneno kama hayo: hawa ni mzigo, wale si wenzetu. Mama mwenzetu, utayasikia kisimani, sokoni, hata kwenye kikao cha akina mama. Siku hiyo weka shuka chini, useme.