Fotoni Moja Isipotee

Hadithi yetu leo, wanangu, ni ya msafiri asiye na uzito. Hajui kusimama, hajui kuchoka, na ukishamwona mara moja, basi ndiyo mwisho wake. Anaitwa fotoni, punje ya mwanga iliyo ndogo kuliko zote. Kile kileza chekundu ambacho mwalimu hutumia kuonyeshea ubaoni, chenye nguvu ya miliwati 1 tu, humwaga fotoni zaidi ya trilioni 3,000 kwa kila sekunde. Sasa wapo watu ambao kazi yao ni kuipata moja, kuipitisha katika njia waliyoichora wenyewe, na kuifikisha mwisho wa safari salama. Hao ni wahandisi wa kompyuta za kwantamu zinazotumia mwanga.

Kwa nini wahangaike hivyo na punje moja? Kompyuta mnazozijua hufanya hesabu zake zote kwa 0 na 1. Fotoni, ukiipa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, huzishika zote mbili kwa pamoja mpaka utakapoipima. Fotoni ya namna hiyo inaweza kubeba 0 na 1 kwa wakati mmoja, na tunaiita kyubiti. Mwaka 1994 Mmarekani Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta yenye kyubiti za kutosha ingeweza kuichambua namba kubwa sana na kutoa namba tasa zilizoizaa, hesabu inayozishinda kompyuta zetu za leo. Wanakemia nao wanaisubiri, maana molekuli zenyewe hufuata kanuni za kwantamu. Wapo wanaotengeneza kyubiti kwa atomi, na wapo wanaotumia saketi za metali zilizogandishwa. Wahandisi wetu wamechagua mwanga kwa sababu fotoni haisumbuliwi na joto la chumba, na kwa sababu dunia imekwisha kujifunza kuisafirisha ndani ya uzi wa kioo.

Lakini mwanga una ukaidi wake. Washeni tochi mbili gizani, mkatishe miali yake: kila mwali utapita kana kwamba mwenzake hayupo. Punje zisizogusana zitafanyaje hesabu pamoja?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Wanafizikia Hong, Ou na Mandel walichukua kioo kinachogawa mwanga, yaani kioo ambacho fotoni ikikifikia ina nafasi nusu ya kupenya na nusu ya kurudishwa. Wakaleta fotoni mbili, moja kila upande, wakaweka kitambuzi kila mlango wa kutokea. Mngetegemea kwamba mara nyingine zitatoka mlango mmoja na mara nyingine zitaachana. Wakakisogeza kioo kidogo kidogo, kwa mikromita chache, mpaka fotoni zikafika kwa wakati mmoja kabisa. Hapo kuachana kukakaribia kwisha kabisa! Karibu kila mara fotoni mbili zikatoka pamoja, mlango huu au ule. Zilikuwa kama mapacha ambao hata mama yao hawezi kuwatofautisha, na kwa sababu hakuna awezaye kusema ipi ni ipi, namna mbili za kuachana zinafutana zenyewe. Mimi nikifikiria jambo hili bado nasisimka. Mwaka 2001 wanasayansi Knill, Laflamme na Milburn wakathibitisha kwamba vioo vya namna hii, pamoja na vyanzo vya fotoni mojamoja na vitambuzi vizuri, vinatosha kujenga kompyuta nzima ya kwantamu.

Vinatosha kwenye karatasi, wanangu. Kuanzia hapo kazi ikawa ya mhandisi.

Kwanza lazima fotoni izaliwe. Njia moja ni kupiga leza kwenye fuwele maalumu. Mara nyingi hakuna kinachotokea, lakini mara mojamoja fotoni moja ya leza hupasuka na kuwa mbili. Mhandisi huipeleka moja kwenye kitambuzi, nayo inafia hapo. Lakini kifo chake ni taarifa kwamba mwenzake yupo njiani. Taarifa hiyo inapita kwenye nyaya za umeme, nayo fotoni iliyobaki inapaswa kungoja. Tumesema haijui kusimama, kwa hiyo huzungushwa ndani ya uzi mrefu wa faiba. Kwa kila nanosekunde inakwenda sentimita 20 humo, hivyo mhandisi anapima urefu wa faiba ili kupata muda anaoutaka.

Kisha fotoni inaingia kwenye chipu ya silikoni. Barabara yake humo ina upana wa nusu mikromita hivi, yaani mngeweza kuzipanga barabara 2,000 ubavu kwa ubavu ndani ya milimita moja, kama zisingevuja mwanga kwa kukaribiana. Kuulenga uzi wa faiba kwenye mlango wa barabara hiyo ni kazi ya subira. Mhandisi husukuma kwa mikono ya mashine, macho kwenye namba ya skrini, mpaka mwanga unaopita ufikie kilele chake. Ndipo anaubandika kwa gundi maalumu, akiomba gundi isiuvute inapokauka. Kabla ya hapo ameusafisha uso wa faiba kwa spiriti na kuukagua kwa hadubini. Vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kuizuia fotoni. Ukuta wa barabara ukiwa na mikwaruzo, fotoni inarushwa nje. Kona ikiwa kali mno, inachomoka.

Mwisho wa safari upo kwenye waya mwembamba mno uliogandishwa hadi karibu nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo umeme hupita bila kizuizi chochote. Fotoni moja ikiugonga, kipande kidogo cha waya kinapata joto, umeme unakwama kidogo, na kompyuta inasikia mpigo. Gol'tsman na wenzake wa Moscow walikionyesha kitambuzi hiki mwaka 2001, na leo vilivyo bora hunasa fotoni zaidi ya 90 katika kila 100.

Sasa shikeni kalamu, maana hapa ndipo penye moyo wa kazi. Tuseme fotoni inapita vituo 10, na kila kituo kinapitisha 95 kati ya 100. Mtu atasema, hiyo si mbaya! Zidisheni 0.95 kwa yenyewe mara 10: zinafika kama 60 kati ya 100. Lakini hesabu inahitaji, tuseme, fotoni 10, na zote zifike kwa pamoja. Zidisheni tena jibu hilo kwa lenyewe mara 10: mnafanikiwa mara 6 katika majaribio 1,000. Sasa mhandisi afanye kazi yake usiku na mchana, kila kituo kipitishe 99 badala ya 95. Mafanikio yanapanda hadi mara 366 katika 1,000. Asilimia nne zimezidisha mafanikio mara sitini.

Mtauliza: kwa nini wasiuongeze nguvu mwanga njiani? Swali zuri, kwa sababu ndivyo inavyofanyika baharini. Nyaya za faiba zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 zina vikuza mwanga vilivyolazwa chini ya bahari, kila baada ya makumi ya kilomita, vinavyozalisha fotoni mpya zinazofanana na zile zilizosalia. Ujumbe wa simu haudhuriki. Lakini hali ya kwantamu usiyoijua haiwezi kunakiliwa. Wanafizikia Wootters na Zurek walilithibitisha hilo mwaka 1982. Fotoni ya kyubiti ikipotea, hakuna nakala yake popote. Kinga iliyopo ni kusambaza taarifa moja katika fotoni nyingi, ili chache zikipotea nyingine ziikamilishe, na kinga hiyo nayo hufanya kazi tu ikiwa zinazopotea ni chache kweli.

Hata hivyo wamefika mbali. Mwaka 2020 kundi la Hefei, China, lilinasa hadi fotoni 76 kwa pamoja katika mashine iliyoitwa Jiuzhang, ingawa hesabu iliyoifanya ilikuwa ya kujipima tu. Mwaka 2025 kampuni ya Xanadu ya Toronto, Kanada, ilionyesha Aurora: chipu 35 na kilomita 13 za faiba ndani ya makabati manne, kwa kyubiti 12. Wahandisi wake wenyewe walisema wakati huo kwamba wanaelekeza nguvu katika kupunguza fotoni zinazopotea. Chukueni basi kikokotoo, mweke 0.999 badala ya 0.99, mzidishe kwa yenyewe mara 100, yaani vituo 10 kwa fotoni 10, kama tulivyofanya: mtapata zaidi ya mara 900 katika 1,000. Kila chipu mpya inayochorwa inaikimbilia namba hiyo.