Moto wa Pilau na Haki ya Jirani

Walima uliofanyika katika kiwanja cha msikiti wetu, hapa Dar es Salaam, ulikuwa umekamilika kwa kila jambo. Khutba ya ndoa ilisomwa baada ya Swala ya Alasiri, bwana harusi akaenda kumpa mkono mkewe, na wapishi walikuwa wamefikia hatua ya kupalia makaa juu ya mifuniko ya masufuria manne ya pilau. Ghafla upepo wa baharini ukazidi. Cheche ziliruka kutoka kwenye mfuniko mmoja zikaangukia turubai la nailoni lililofungwa hatua chache tu kutoka mekoni. Kwa muda usiozidi wa kusoma Suratul Fatiha, upande mmoja wa turubai ulikuwa unawaka, na nailoni iliyoyeyuka ikidondoka chini kama nta. Mtoto wa miaka saba, wa jirani ambaye hata hakuwa miongoni mwa waalikwa, aliungua mkono na bega. Leo amepona, alhamdulillah, lakini kovu analo.

Mimi, katibu wa kamati, ndiye niliyeonyesha mahali pa kuweka mafiga. Niliandika hata katika daftari: jiko liwe upande wa mashariki, karibu na bomba. Nilifikiria maji ya kuoshea vyombo. Upepo sikuufikiria.

Katika kikao kilichofuata, mzee mmoja tunayemheshimu alisema jambo lile ni qadari, na lisituondolee furaha ya harusi. Ni kweli kwamba hakuna litokalo nje ya qadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini wanazuoni wetu hawakuishia hapo. Ibn Qudama, katika kitabu chake mashuhuri al-Mughni, amelizungumzia suala la mtu anayewasha moto katika milki yake mwenyewe, kisha ukavuka na kuharibu cha mwenzake. Ikiwa aliuwasha kwa kiasi cha kawaida na kwa hadhari, hana dhamana. Ikiwa alizembea, kwa mfano kwa kuwasha moto mkubwa kupita kiasi au kuuwasha wakati wa upepo mkali, basi analipa. Tazama, ndugu msomaji, jinsi fiqhi ilivyoutaja upepo karne nyingi kabla ya turubai la nailoni kuwapo.

Hapo ndipo kikao kilipokuwa kigumu. Baba wa mtoto hakutudai kitu, alisema amesamehe. Baadhi yetu wakaona tutoe gharama za matibabu kutoka mfuko wa msikiti. Wengine, nami nikiwemo, tukasema fedha ya msikiti ni amana ya waumini na haikutolewa ili kufidia uzembe wa viongozi. Tulichanga wenyewe, wajumbe saba, na haikuwa kazi nyepesi.

Mtume (s.a.w.) alikuwa amekwisha kutuonya. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na habari ilipomfikia, aliueleza moto kuwa ni adui wa wanadamu na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Na wale wenye umri mkubwa kati yetu hawajasahau Mina, tarehe 15 Aprili 1997, moto ulipoyapitia mahema ya mahujaji. Mahujaji 343 walifariki, na zaidi ya 1,500 walijeruhiwa. Ule nao ulihusishwa na jiko la gesi na ukachochewa na upepo. Baada ya msiba huo, serikali ya Saudi Arabia ilijenga mahema ya kitambaa kisichoshika moto na ikakataza majiko ya gesi ndani yake.

Kwetu hapa sheria zipo, ingawa wengi huzisikia baada ya maafa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni kosa kutumia moto kwa uzembe unaohatarisha maisha ya mtu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007, na namba yake ya dharura ni 114. Siku ile, kati ya watu zaidi ya mia mbili, walioijua walikuwa wawili. Halmashauri nazo zina sheria ndogo kuhusu uchomaji wa taka na ufungaji wa njia, kwa hiyo anayetaka kutandaza turubai barabarani na aanzie ofisi ya serikali ya mtaa. Nakumbusha hili kwa sababu njia iliyozibwa kwa viti ndiyo ambayo gari la zimamoto lingepita.

Ama kuhusu taka, nitasema kwa ufupi kwa kuwa kila mtaa unalijua tatizo hili. Fagio la alfajiri likishapita, majani, chupa za plastiki na nepi za watoto hukusanywa na kuchomwa pamoja, moshi wake ukaingia madirishani mwa watu. Moshi wa plastiki ni sumu. Kopo la dawa ya mbu, likiwa ndani ya moto, hulipuka. Tunatoka kuswali Alfajiri na kumwamkia jirani kwa moshi!

Tumeziandika taratibu zetu na kuzibandika ubaoni. Mafiga sasa hukaa upande ambao upepo unatokea turubaini kuelekea jikoni, wala si kinyume chake, na mbali na nyaya za umeme. Ndoo mbili za mchanga na pipa la maji huwekwa kabla kiberiti hakijawashwa. Mtu mzima mmoja hana kazi nyingine ila kuukalia moto, na watoto hawavuki kamba. Mafuta ya taa hayamiminwi kwenye kuni zilizokwisha shika. Mafuta ya kukaangia yakiwaka ndani ya sufuria, hufunikwa kwa mfuniko na moto ukaondolewa chini. Maji hayamwagwi kamwe, kwani huyarusha mafuta yakiwa yanawaka. Majivu hayaendi jalalani usiku ule ule: hulowekwa, yakakorogwa, yakalowekwa tena, maana kaa lililofukiwa huishi hadi kesho yake.

Aliyeungua amwagiwe maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha apelekwe hospitali. Mtoto wetu yule alipakwa dawa ya meno na bibi mmoja mwenye nia njema, na muuguzi alipata tabu kubwa kuiondoa.

Nyongeza kwa akina mama na mabinti, hasa masika yanapoingia: jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa sababu ya mvua, wala lisilale chumbani kutia joto. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Wapishi walinung'unika, hasa kuhusu mahali papya, kwa kuwa ni mbali na bomba. Mmoja aliniuliza kama chuoni nilisomea pilau. Sikuwa na jibu. Hata hivyo kona ile ina ukuta wa matofali, nasi tumenunua mpira wa maji wa mita thelathini.

Nyuma ya ukuta huo anaishi mama mmoja mwenye pumu. Tulikwenda wajumbe watatu kumwomba radhi mapema, kwa kuwa moshi sasa utaelekea kwake. Hakukataa. Alitaka aarifiwe siku moja kabla, ili aanue nguo na kwenda kushinda kwa dada yake, na akataka sinia lake lisisahauliwe. Walima ujao ni Jumamosi ya wiki ijayo, insha Allah. Ijumaa baada ya Magharibi nitakwenda kumbishia hodi.