Kadi mpya, gemu ileile: tuchunguze kabla ya kulaumu

Wiki chache baada ya mauzo ya korosho, kamati yetu ya msikiti hapa Tunduru ilipokea shauri lisilofanana na yale tuliyoyazoea ya mirathi na mipaka ya viwanja. Mzee mmoja alifika akiwa na mwanawe, mwanafunzi wa sekondari, akaomba tumwite fundi wa kompyuta aliyewauzia kadi ya grafiki, yaani kile kifaa kinachochora picha zinazoonekana kwenye kioo. Ilikuwa ni zawadi ya kijana kwa kufanya vizuri katika mtihani. Lakini tangu kadi ifungwe, gemu ya mpira iliendelea kukwamakwama kama zamani.

"Katibu, huyu ametudhulumu," alisema mzee. "Ametuuzia kadi mbovu."

Tulimsihi asilitamke neno hilo kabla ya kubainisha. Mji wetu ni mdogo; fundi akishaitwa dhalimu sokoni, hata akija kuonekana hana hatia, wateja hawamrudii. Tukakubaliana kompyuta iletwe ofisini baada ya swala ya Alasiri, naye fundi awepo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, iliyotumika maofisini kabla ya kuuzwa kama mtumba. Kadi ilikuwa GTX 1050 Ti, toleo lililotoka mwaka 2016. Fundi alianza na jambo ambalo sote tulilipuuza: aliifuata waya ya kioo hadi mwisho wake. Kioo chao cha zamani kilitumia waya ya VGA, na kadi haina tundu la namna hiyo. Kwa hiyo kijana aliiacha waya mahali pake pa awali, kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Picha zikaendelea kuchorwa na sehemu ndogo ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa, huku kadi ya baba yake ikikaa bure. Adapta ndogo ya kutoka HDMI kwenda VGA iliondoa kosa hilo.

Gemu ikawa nyepesi, lakini wachezaji walipojaa langoni ilikwama tena. Hapo fundi akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Windows 10 na 11, ukurasa unaofunguka huonyesha prosesa, kumbukumbu na kadi zinatumika kwa asilimia ngapi. Prosesa ilikuwa imefika mia. Kadi haikufika hata nusu.

Mfano wake ni pilau ya walima. Ukiongeza wapakuaji kumi wenye mikono myepesi ilhali mpishi ni mmoja na sufuria ni moja, wageni hawatakula mapema zaidi. Kioo cha kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde, hivyo kila picha ina muda wa takribani milisekunde 17 tu wa kuandaliwa. Prosesa ikihitaji milisekunde 33 kukokotoa mwendo wa wachezaji na mpira, kadi hungoja, na picha hazitazidi 30 kwa sekunde hata kadi iwe ya bei gani. Kipimo chake ni rahisi: punguza ukubwa wa picha katika mipangilio ya gemu. Mwendo usipobadilika, kikwazo hakiko kwenye kadi.

Yalibaki mambo matatu. Kwanza, draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, ilikuwa ya zamani. Ikafutwa na kuwekwa mpya. Pili, vumbi letu jekundu lilikuwa limeziba feni, na prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Tatu, kumbukumbu ilikuwa kipande kimoja. Vipande viwili vinavyolingana, vikiwekwa kwenye nafasi zake sahihi, huipa prosesa njia mbili za kupitishia data badala ya moja.

Fundi alikagua pia pawasaplai. Tundu la kadi kwenye ubao hutoa umeme usiozidi wati 75, na kadi hii haina njaa kubwa. Kadi kubwa zaidi huhitaji waya yake ya umeme, na pawasaplai ya kompyuta ya ofisini mara nyingi haina waya hiyo wala nguvu ya kutosha.

Tulipomaliza, gemu ilikwenda vizuri, ingawa si kama kijana alivyoota. Prosesa ile ina mwisho wake. Mzee alimpa fundi mkono na kumwomba radhi mbele yetu. Fundi naye alikiri upande wake: aliuza kadi bila kuuliza itafungwa kwenye kompyuta gani. Angeuliza, angewashauri wanunue kadi ya bei ndogo na kipande cha kumbukumbu, na fedha ingebaki.

Basi, wazazi wenzetu, kijana akiomba kifaa kipya, tumwambie kwanza atuonyeshe ni sehemu gani iliyofika asilimia mia. Muuzaji naye aandike kwenye risiti aina ya kompyuta ambayo kifaa kinakwenda kufungwa. Karatasi hiyo ndogo ingeliondoa shauri hili kabla halijafika kwetu.