Kofia ya NY na Safari Ndefu ya Besiboli

Pita siku yoyote pale Tunduma panapouzwa mitumba, uhesabu kofia zenye herufi N na Y zilizopandiana. Utingo wa lori anayo, muuza vocha anayo, na kijana anayebadilisha kwacha karibu na mpaka wa Nakonde naye anayo. Ukiwauliza maana yake, wengi watakujibu kuwa ni jiji la New York. Wamekaribia. Ile ni alama ya New York Yankees, timu ya besiboli iliyotwaa ubingwa wa Marekani mara 27, mara ya mwisho mwaka 2009.

Kwa hiyo vazi tumelizoea, ila mchezo wenyewe hatuujui. Mimi ni mmoja wa wachache wanaoukesha. Mechi inayoanza saa 1 jioni kule New York wakati wa kiangazi chao, huku kwetu ni saa 8 usiku. Basi leo niueleze kwa kifupi.

Kila timu ina watu tisa uwanjani, na mechi ina duru tisa. Hakuna dakika 90. Mchezo huisha duru zikiisha. Mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu, na mpigaji anausubiri akiwa na gongo mkononi. Watoto wetu wakicheza rede huukwepa mpira, lakini huyu anautafuta. Mpira huo unaweza kwenda kilomita 150 kwa saa, kutoka umbali wa mita 18 hivi. Ukifumba jicho umeshapita. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka, na watatu wakitolewa timu inampisha mpinzani naye apige. Akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akifika kile alichoanzia timu yake inapata pointi moja.

Jambo linalonivutia zaidi ni hesabu ya kushindwa. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi huhesabiwa kuwa nyota. Hapa kwetu mshambuliaji akikosa mabao matatu ya wazi, jukwaa zima linadai atolewe!

Kisha kuna uzito wa kazi. Ligi Kuu ya Marekani ina timu 30, moja kati ya hizo ikiwa ya Toronto, Canada, na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu wa kawaida. Katika Ligi Kuu yetu ya msimu wa 2024/25, kila timu ilicheza mechi 30. Wenzetu hao wanacheza karibu kila siku kwa miezi sita. Ni ajira hasa, mtu anaamka anakwenda kazini.

Na mshahara je? Mwezi Desemba 2023 Mjapani Shohei Ohtani alikubaliana na Los Angeles Dodgers mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 700. Habari kama hizo ndizo zinazofika vijiweni. Habari ya ngazi za chini haifiki. Mchezaji akisajiliwa haendi moja kwa moja Ligi Kuu. Anaanzia katika timu ndogo za mafunzo, na huko wengi huishia. Hadi mwaka 2022, wa ngazi ya chini kabisa alilipwa dola 4,800 kwa mwaka. Mkataba wa pamoja wa wachezaji hao, uliofikiwa mwaka 2023, ulipandisha kiwango hicho hadi dola 19,800.

Mtazame Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, lakini aliingia uwanjani katika Ligi Kuu tarehe 26 Aprili 2017, akiwa wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufanya hivyo. Hesabu mwenyewe miaka aliyosubiri.

Jirani zetu Waganda nao wamo njiani. Mwaka 2022 vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Dodgers kuanzia ngazi hizo za chini. Hapa Tanzania mchezo bado mchanga, ila kuna uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani.

Lakini kuna jambo la Uganda ambalo nataka mzazi wa Tunduma alisikie vizuri. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda nafasi ya kwenda fainali za dunia za watoto huko Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu nyaraka za umri wao zilikuwa na hitilafu. Walishinda uwanjani, wakashindwa mezani. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, nyaraka zao zikiwa zimekubalika, walisafiri na wakacheza.

Mji wetu ni wa mpakani. Mtoto anaweza kuzaliwa upande huu, akasoma upande ule, akaandikwa tarehe mbili tofauti. Leo halimsumbui mtu. Siku kipaji chake kikionekana, kiwe cha besiboli, cha soka au cha mbio, tofauti hiyo ndiyo itakayomfungia mlango. Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe angali mdogo, na tarehe ya shuleni iwe hiyo hiyo.

Na akitokea mtu anayeahidi kumpeleka mwanao ng'ambo kucheza, usimuulize nyota analipwa kiasi gani. Muulize wa ngazi ya chini analipwa nini, atakaa huko miaka mingapi, na asipofaulu nani atamlipia nauli ya kurudi. Akibabaika, mwanao na abaki darasani.

Tukutane juma lijalo.