Selimundu Haitibiki kwa Kusafisha Damu

"Daktari, dawa gani ya kusafisha damu itamponya mwanangu selimundu?" Nimeulizwa kliniki, sokoni, hata msibani. Jibu ni moja: hakuna. Selimundu si uchafu, kwa hiyo hakuna cha kusafishwa.

Tazama tone la damu ya mtoto huyo kwenye hadubini baada ya kupakwa rangi. Ndani ya seli nyeupe utaona kiini, kimekolea zambarau. Seli nyekundu, za duara na zilizopinda kama mundu, ni tupu. Viini vyake viliachwa kwenye uloto kabla hazijaingia mshipani. Muda mfupi baadaye zikapoteza mitokondria zinazotoa nishati na ribosomu zinazounda protini. Zimebaki vifuko vya himoglobini. Hazina jeni ya kurekebishwa wala ribosomu ya kuunda himoglobini nyingine. Sasa dawa inaziendea kufanya nini?

Kosa liko kwenye uloto, ndani ya kiini cha seli mama za damu: herufi moja ya DNA katika kromosomu ya 11. Kwa herufi hiyo, ribosomu huweka valini palipostahili asidi ya glutamiki, na himoglobini inayotoka hushikamana inapokosa oksijeni, ikaipinda seli. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii, siku 10 hadi 20. Hata ukiziondoa zote leo, uloto utatoa nyingine zilezile. Muhuri ukiwa na kosa, kusugua karatasi hakuurekebishi.

Tena chupa hizo za dawa ya kusafisha damu zinaumiza. Nyingi huharisha. Mwili ukipungukiwa maji, himoglobini hubanana ndani ya seli, seli zinapinda, mtoto analazwa akilia maumivu ya mifupa. Muuzaji anasema uchafu unatoka. Kinachotoka ni maji ambayo mtoto aliyahitaji. Na wakati huohuo dawa za kliniki zimewekwa kando. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Yanayofaa ni haya. Mtoto apimwe mapema. Apewe penisilini kila siku hadi miaka 5, chanjo zote, vidonge vya foliki, kinga ya malaria, maji ya kutosha. Vidonge vya madini ya chuma asipewe bila kipimo. Ulizeni kuhusu haidroksiyurea: huufanya uloto urudie kutengeneza himoglobini ya mtoto wa tumboni, ambayo haishikamani. Kupona kabisa kunapitia kwenye uloto wenyewe: kupandikizwa uloto wa ndugu anayelingana naye, huduma iliyopo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, ambayo bei yake bado haishikiki. Wachumba, pimeni: nyote mkiwa AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mwenye selimundu. Na mtoto huyo akipata homa, msisubiri kesho. Hospitali, siku hiyohiyo.